Toleo Changa: Jina la Programu Isiyokamilika

Katika steshenari za Daraja Mbili, jijini Arusha, kijana anayechapa barua na kudurufu vyeti ndiye anayeletewa kompyuta mpakato iliyogoma, ndiye anayejaza maombi ya mkopo wa chuo kwa niaba ya mzazi, na ndiye anayeombwa aweke programu ya kuandikia. Mteja asiyeweza kulipia leseni huwekewa LibreOffice. Hiyo ni programu huria: haiuzwi, msimbo wake uko wazi, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kuiweka si kazi kubwa. Kazi ni kuchagua toleo.

Chukua mfano wa Julai 2024. Toleo rasmi la LibreOffice wakati huo lilikuwa 24.2, lililotoka mwishoni mwa Januari. Papo hapo toleo la 24.8 lilikuwa tayari liko kwenye seva na mtu yeyote aliweza kulipakua, ingawa lilikuja kutangazwa rasmi tarehe 22 Agosti. Fundi anayeamini kwamba namba kubwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo bora, angechukua 24.8 bila kusita. Faili lina zaidi ya megabaiti 300, kwa hiyo bando lingekwenda, na mteja angeondoka na programu ambayo watengenezaji wake wenyewe walikuwa bado wanaitafuta makosa.

Toleo la namna hiyo, linalowekwa hadharani kabla ya kutangazwa kuwa limekamilika, linaitwa kwa majina kadhaa ya Kiswahili. Baadhi ya majina hayo yanampeleka msomaji kusiko. Kwa kuwa programu huria zinazidi kutafsiriwa, na kwa kuwa wanaozitumia Afrika Mashariki sasa wamo zahanati, shule na ofisi za serikali, inafaa jina hilo lichaguliwe kwa makini na litumike kwa namna moja.

Kwanza kitu chenyewe. Programu kubwa haitoki siku moja. Hupita ngazi tatu, na kila ngazi ina ahadi yake kwa mtumiaji. Ya kwanza ni alfa: vipengele vipya bado vinaingizwa, vingine vitaondolewa, na hakuna anayeshangaa programu ikijifunga yenyewe. Ya pili ni beta: vipengele vyote vimekwisha kuingia, kinachobaki ni kusaka hitilafu, na watu wa nje wanakaribishwa kusaidia. Ya tatu ni toleo ambalo watengenezaji wanaamini limekamilika. Wanalitoa ili kuona kama kuna mtu atakayegundua kosa kubwa walilolikosa wao. Asipotokea, hilo hilo ndilo linalokuwa rasmi. Herufi hizo mbili za Kigiriki zinahusishwa na kampuni ya IBM, ambako majaribio ya bidhaa tangu miaka ya 1950 yalipangwa kwa herufi A, B na C.

Python, lugha ya kuandikia programu, inaonyesha ngazi hizo kwa uwazi mkubwa, kwa sababu ratiba yake imeandikwa na kutangazwa. Mwaka 2019 wasimamizi wake waliamua kwamba toleo kuu litoke mara moja kwa mwaka, mwezi Oktoba. Alfa zinafuatana kwa miezi kadhaa. Mwezi Mei inatoka beta ya kwanza, na siku hiyo mlango unafungwa: hakuna kipengele kipya kitakachopokelewa tena mpaka toleo la mwaka unaofuata. Agosti na Septemba ni miezi ya ngazi ya tatu.

Ngazi hiyo ya tatu si ya kutimiza utaratibu tu. Toleo la 3.13 lilipangwa kutoka tarehe 1 Oktoba 2024. Kabla ya siku hiyo watumiaji waliripoti kwamba baadhi ya kazi zimekuwa za polepole kuliko zilivyokuwa kwenye toleo la mwaka uliopita. Chanzo kilikuwa njia mpya ya kusafisha kumbukumbu ya kompyuta. Wasimamizi waliiondoa, na tarehe 1 Oktoba wakatoa jaribio lingine la mwisho badala ya toleo rasmi. Python 3.13 ikatoka tarehe 7 Oktoba. Siku sita za kuchelewa ziliwaepusha watumiaji wa dunia nzima na programu iliyokuwa na kasoro inayojulikana.

LibreOffice nayo ina mfano mzuri wa upande wa pili, pale ambapo jaribio la mwisho linafaulu. Toleo lake la kwanza kabisa, 3.3, lilitangazwa tarehe 25 Januari 2011, baada ya mradi kujitenga na OpenOffice.org mwezi Septemba 2010. Watengenezaji waliwaarifu waliokuwa na jaribio la nne la ngazi ya tatu kwamba hawana haja ya kupakua chochote, kwa sababu faili lao na la toleo rasmi ni lile lile, biti kwa biti. Kilichobadilika ni hadhi yake tu: jana lilikuwa linachunguzwa, leo limethibitishwa.

Linux, kiini kinachoendesha seva nyingi za dunia na simu zote za Android, ina mwendo wake. Linus Torvalds hupokea mabadiliko kwa wiki mbili, kisha hufunga na kutoa jaribio kila Jumapili. Kwa kawaida huwa saba. Mambo yasipotulia huongezwa la nane.

Kwa nini basi kitu ambacho hakijakamilika kiwekwe hadharani? Kwa sababu watengenezaji hawawezi kuwa na kila aina ya kompyuta, kila aina ya faili na kila aina ya mtumiaji. Anayeandikia programu Berlin hana kompyuta yenye kumbukumbu ndogo iliyonunuliwa mtumba, hakatikiwi umeme katikati ya kuhifadhi faili, wala haandiki barua kwa Kiswahili. Mambo hayo yanaonekana pale tu mtu wa Arusha, Mombasa au Bukavu anapojaribu programu kabla haijatoka, akaandika alichokiona.

Faida ya utaratibu huu ilionekana waziwazi tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki katika mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kumekuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri umepenyezwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mfumo wa Linux. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Yalikuwa yameshaingia kwenye mifumo ya Linux kama Debian ya majaribio na Fedora 40 iliyokuwa bado beta, lakini hayakuwa yamefika kwenye Debian imara. Freund alikuwa anatumia mfumo wa majaribio. Hapo ndipo alipolikuta tatizo. Mamilioni ya seva zilizobaki kwenye toleo imara hazikuguswa.

Kwa hiyo mradi una wajibu wa aina mbili kwa wakati mmoja. Lazima toleo lisilokamilika lipatikane kwa urahisi na anayelitafuta, na lazima asilipate kwa bahati mbaya asiyelitafuta. Miradi mizuri imetengeneza njia za kutimiza yote mawili, na njia hizo zinafaa kutazamwa kwa karibu.

Tovuti ya Python imetenga ukurasa wa matoleo yasiyokamilika, na kitufe kikubwa cha kupakua kinaelekea toleo rasmi tu. Programu ya pip, ambayo huleta vifurushi vya Python, huyaruka matoleo hayo yenyewe. Anayeyataka lazima aandike --pre kwenye amri yake. GitHub, ambako miradi mingi huria huhifadhi msimbo, humpa msimamizi kisanduku cha kuweka alama kwamba toleo halijakamilika. Akiweka alama, toleo hilo halipewi lebo ya kuwa la karibuni zaidi, na kiungo cha kupakua kinaendelea kuelekea lile rasmi. Akisahau, kila anayefuata kiungo hicho anabeba alfa.

LibreOffice imekwenda hatua moja zaidi. Alfa na beta zake zinajisakinisha kwa jina la LibreOfficeDev, kando ya programu iliyopo, na zinatumia mipangilio yake zenyewe. Mtu anaweza kuzijaribu asubuhi na jioni akaendelea na kazi zake katika toleo imara, bila moja kuharibu lingine. Lakini ngazi ya tatu haina kinga hiyo: inakaa mahali pa programu iliyopo. Hilo ni jambo ambalo mtumiaji anastahili kuambiwa kabla hajabofya.

Debian imeshughulikia tatizo la namba. Kompyuta ikipanga matoleo kwa mpangilio wa kawaida, huliweka 24.8.0 kabla ya 24.8.0rc1 (rc ni alama ya ngazi ya tatu), kwa kuwa neno fupi hutangulia neno refu linaloanza vivyo hivyo. Kwa mpangilio huo jaribio lingeonekana kuwa jipya kuliko toleo lililokamilika, na masasisho ya kiotomatiki yangemrudisha mtumiaji nyuma. Debian ikaweka kanuni: alama ya wimbi (~) hutangulia kila kitu, hata mwisho wa neno. Jaribio likiandikwa 24.8.0~rc1, mfumo unaelewa kwamba 24.8.0 ndiyo itakayofuata. Alama moja tu, na kompyuta haikosei tena.

Binadamu hasomi alama ya wimbi. Anasoma jina.

Kuna neno lililowahi kupoteza nguvu kwa kutumiwa vibaya. Google ilianzisha Gmail tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na lebo ya beta, na lebo hiyo haikuondolewa mpaka tarehe 7 Julai 2009. Kwa miaka mitano watu walifanyia kazi zao zote ndani ya kitu kilichoandikwa kwamba kinajaribiwa. Wengi wakazoea kuiona beta kama pambo la kitu kipya na kizuri, na onyo lililokuwa ndani ya neno likafifia. Ndiyo sababu beta peke yake haitoshi kumlinda mtumiaji. Panahitajika jina la jumla linalosema hali ya programu kwa lugha anayoifikiria.

Katika Kiswahili jina linalosikika zaidi ni toleo la majaribio. Ni zuri kwa sikio na linaeleweka haraka, lakini limekwisha kuchukuliwa. Kampuni zinazouza programu hulitumia kwa bidhaa iliyokamilika ambayo mteja anaruhusiwa kuitumia bure kwa siku 30 kabla ya kulipa. Katika maana hiyo anayejaribu ni mnunuzi, na anachokijaribu kimekamilika. Katika maana tunayoizungumzia, kinachojaribiwa hakijakamilika na hakuna malipo yatakayofuata. Msomaji aliyezoea maana ya kwanza akikuta neno hilo kwenye tovuti ya programu huria atafikiri kwamba baada ya mwezi mmoja atadaiwa, na huenda asidhani kabisa kwamba faili lake linaweza kuharibika.

Jina la pili ni toleo la awali, na hili ni la hatari zaidi. Mtu akiambiwa arudi kwenye toleo la awali anaelewa arudi kwenye lile la zamani, lililokuwapo kabla ya sasisho. Programu nyingi zilizotafsiriwa hulitumia hivyo hivyo. Fikiria fundi ambaye sasisho limemvurugia kompyuta ya mteja, anakimbilia tovuti kutafuta toleo la zamani lililokuwa salama, anakuta kitufe kimeandikwa toleo la awali, anabofya, na anapewa lisilokamilika. Neno limempeleka kinyume kabisa cha alikotaka kwenda.

Toleo tangulizi lina kasoro ya aina hiyo hiyo, ingawa ni sanifu zaidi. Utangulizi ni kinachofungua kitabu, lakini mtangulizi wa rais ni rais aliyeondoka. Msomaji mmoja atalielewa kuwa linafungulia njia lijalo, mwingine kuwa limepitwa.

Kasoro ya majina hayo mawili ya mwisho ni kwamba yanapima wakati: yanasema kipi kilikuja kabla ya kipi. Anayetaka kupakua hahitaji kujua mpangilio wa wakati. Anahitaji kujua kama kitu kimeiva.

Hapo ndipo neno changa linapofaa. Mswahili anasema mtoto mchanga, mahindi machanga, taifa changa; katika yote hayo kitu kipo, kinaonekana, kina thamani, lakini hakijafikia kimo chake na kinahitaji uangalizi. Toleo changa halidai kwamba programu ni mbovu, wala haliipambi. Linabeba onyo na tumaini kwa pamoja. Lina pia mwenzake wa kusimama naye: toleo imara, neno ambalo linaanza kuzoeleka kwa toleo lililothibitishwa. Kwenye ukurasa wa kupakulia vitufe viwili vyenye maneno changa na imara vinaeleweka hata kwa asiyewahi kusikia habari za alfa.

Ndani ya jina hilo la jumla, alfa na beta zibaki kama zilivyo, kwa tahajia ya Kiswahili. Zimeshaenea, ni fupi, na zinaambatana na namba. Ngazi ya tatu ndiyo inayohitaji kazi. Baadhi ya watu huiita toleo mgombea, wakiifuata siasa. Lakini mgombea hushindana na wenzake na kura huamua. Hapa hakuna mshindani. Anayefanana na toleo hili ni mtahiniwa, anayekaa kwenye chumba cha mtihani na karatasi yake, akifaulu au kushindwa kwa alichokiandika mwenyewe. Toleo tahiniwa, basi: tahiniwa la kwanza, la pili, la tatu. Python 3.13 ilihitaji matoleo tahiniwa matatu. LibreOffice 3.3 ilifaulu katika la nne.

Kazi ya namna hii ina historia yake Tanzania. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Kabla ya kutafsiri menyu hata moja, mradi ulilazimika kukusanya istilahi. Mwaka 2005, miezi michache baada ya uzinduzi, OpenOffice.org ikatoa beta ya 2.0, ambayo kwa ndani ilihesabiwa 1.9.79, na toleo rasmi la 2.0 likafuata tarehe 20 Oktoba. Watafsiri walijikuta wanakimbizana na programu inayobadilika huku wakiitafsiri.

Mbio hizo hazijaisha, na ndizo zinazofanya toleo changa kuwa jambo la watu wa lugha kama lilivyo la mafundi. Miradi mikubwa, kama GNOME inayotengeneza mwonekano wa kompyuta za Linux, huweka tarehe ambayo baada yake maandishi ya programu hayaguswi tena, ili watafsiri wamalize kazi. Tarehe hiyo huangukia kipindi cha matayarisho ya mwisho. Kwa hiyo toleo changa ndipo mahali pa kwanza ambapo tafsiri ya Kiswahili inaonekana kwenye kioo, ndani ya vitufe vyake halisi. Hapo ndipo inapojulikana kwamba neno refu limekatwa katikati, kwamba upatanisho wa ngeli umevunjika kwa sababu programu imebandika namba mbele ya nomino, au kwamba neno moja limetafsiriwa kwa namna mbili kwenye menyu mbili. Makosa hayo hayaonekani kwenye orodha ya maneno. Yakipita kipindi hicho bila kuripotiwa, yanaingia kwenye toleo imara na kukaa humo miezi sita.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika afya. Muuguzi wa zahanati yoyote ya Arusha anavijua vitabu vya MTUHA, ambamo kila mgonjwa, chanjo na uzazi vinaandikwa. Jumla za kila mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu huria iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya iliitumia kitaifa tangu 2011, na Tanzania Bara ikafuata ilipofika mwisho wa 2013. DHIS2 ina seva za maonyesho zilizotengwa makundi mawili, za matoleo imara na za matoleo yanayoendelea kujengwa, ili anayetaka kujaribu afanye hivyo kwa takwimu za kubuni. Takwimu za wilaya nzima hazipaswi kukaa kwenye toleo changa hata kwa siku moja, na anayesimamia seva lazima aweze kulitambua kwa kulitazama tu.

Arusha haina upungufu wa watu wa kushiriki katika majaribio hayo. Chuo cha Ufundi kiko mjini, Chuo cha Uhasibu kiko Njiro, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya ziada, au yenye nafasi ya kuweka LibreOfficeDev kando ya toleo analolitegemea, ana kila anachohitaji. Ripoti nzuri ya hitilafu ina mambo manne: namba kamili ya toleo, mfumo wa kompyuta, hatua zilizofuatwa moja baada ya nyingine, na tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Bila namba kamili mtengenezaji hajui kama kosa ni la beta ya kwanza, ambalo huenda limekwisha kurekebishwa, au la toleo tahiniwa, ambalo linaweza kusimamisha uzinduzi.

Kwa upande wa tovuti, onyo la Kiswahili linaweza kuandikwa hivi, juu ya kitufe na si chini yake: Hili ni toleo changa, beta ya kwanza. Bado lina hitilafu zisizojulikana. Usilitumie kwa kazi unayoitegemea, na hifadhi nakala za mafaili yako kabla ya kulisakinisha. Kwa kazi za kila siku pakua toleo imara. Kwa toleo tahiniwa iongezwe sentensi moja: Litachukua nafasi ya programu uliyonayo. Kando ya kila kitufe iandikwe idadi ya megabaiti, kwa sababu anayelipia bando anahesabu.

Watafsiri wa LibreOffice hufanyia kazi zao kwenye Weblate, mtambo ulio wazi kwa anayejiandikisha, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Maneno changa, imara na tahiniwa yanaweza kupendekezwa humo sasa, yajadiliwe na watafsiri wengine, na yajaribiwe na watumiaji kwenye beta itakayofuata.